Kilo Kumi na Nane za Nerima

Siku Nerima alipojua uzito wake hakuwa amekwenda kupima uzito. Alikwenda kwa sababu ya macho. Ilikuwa Machi, mwaka wa tisini na sita, na kwa wiki tatu alikuwa akiona ukungu asubuhi, anakunywa maji jagi baada ya jagi, kisha usiku kucha anaingia na kutoka choo cha ploti hadi mwenye nyumba akauliza kama amefungua ofisi mle ndani. Akafika kliniki ya misheni akitegemea kupewa miwani. Muuguzi, Sista Lenah, akamsimamisha kwanza kwenye mizani. Mshale ukaenda, ukaenda, ukatua kwenye tisini na nane.

Kisha Lenah akapima mkojo, akapima presha, akarudi na kadi mkononi.

"Mama, una sukari. Na presha nayo iko juu."

Nerima hakuuliza sukari ni nini. Mama yake mzazi alikufa nayo huko Bungoma. Walianza kukata kidole cha mguu, wakarudi wakakata unyayo, wakarudi tena wakakata gotini, na mwisho wakazika kilichobaki. Ni Nerima aliyekuwa akiosha vile vidonda. Kwa hiyo aliposikia neno hilo alikaa chini sakafuni, na si kwamba viti havikuwepo.

"Inuka, hujafa," Lenah akasema. "Sikiliza. Daktari anataka kukuanzishia sindano. Nimemwomba akungoje mpaka Desemba. Ukishuka ukafika themanini, na sukari ikashuka nawe, utakaa na vidonge. Usiposhuka, ni sindano kila siku, na miguu tutailinda kwa maombi. Sasa niambie, unakula nini?"

"Kidogo tu, Sista."

"Hapa kila mtu anakula kidogo tu. Unafanya kazi gani?"

"Nachoma mandazi na chapati. Mtaani Lucky Summer, mbele ya nyumba."

"Na yale mandazi yanayovunjika, anakula nani?"

Aka! Hapo Nerima akatazama dirisha. Tangu aanze biashara ile, mwaka wa tisa sasa, hakuwahi kuhesabu hayo kama chakula. Andazi likipasuka kwenye karai, mteja hanunui, na kutupa ni dhambi, basi lilipita mdomoni mkono ukiendelea kukata unga. Alipoyahesabu pale mbele ya Lenah yalikuwa saba, siku nyingine manane, na hapo hajanywa chai.

Lenah akageuza kadi, akachora sahani nyuma yake kwa kalamu nyekundu. Nusu ya sahani aliijaza mboga za majani. Robo akaipa maharagwe, au samaki wa kuchemsha, au nyama isiyo na mafuta. Robo iliyobaki akaandika ugali, ukubwa wa ngumi.

"Ngumi ya nani?" Nerima akauliza.

"Yako, mama. Usiende kuazima ya bwanako."

Kumwambia mtu wa Bungoma ale ugali wa ngumi ni kumtukana yeye na ukoo wake wote. Kwao ugali haupimwi. Unamegwa, unaliwa, na mtu akisema ameshiba anaongezwa mara moja ya heshima. Lakini Nerima aliukumbuka mguu wa mama yake, akarudi nyumbani, akaanza siku ileile.

Wiki mbili za kwanza alikuwa mtu wa kuepukwa. Njaa ilimpanda kichwani, akagombana na mwuza maji, akagombana na redio ya jirani, akagombana hata na mumewe Laban kwa kosa la kutafuna kwa sauti. Alikuwa anasonga ugali wa Laban kama kawaida, anaukata wake kando, anaupima kwa ngumi kisha anaangalia huku na huku kama mwizi. Mafuta aliyapima kwa kijiko cha chai. Kunde na mrenda alipika kama walivyopika nyanya zake, bila mafuta kabisa, akagundua ni tamu kuliko alivyokumbuka. Chai akanywa ya rangi bila sukari, na hiyo siku ya kwanza ilimtoa machozi. Soda akaiaga. Chakula cha jioni akakihamisha kutoka saa tatu hadi saa kumi na mbili u nusu, na Laban akichelewa alikuta chake kimefunikwa. Mandazi yaliyovunjika akawa anayarusha nje ya mlango, na kuku wa jirani yake Awuor wakanenepa badala yake.

Tena akawa anatembea. Akimaliza kuuza, saa tatu asubuhi, anavaa raba za binti yake Triza, aliyekuwa shule ya bweni, anakwenda hadi mtaa wa Baba Dogo na kurudi. Watu wakimuuliza anakwenda wapi anasema hakuna mahali. Jibu hilo halikumridhisha mtu yeyote, maana Lucky Summer mtu hatembei kwenda bure.

Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza pia. Aprili alikuwa tisini na tano. Mwisho wa Julai akawa themanini na saba, na sukari inateremka pamoja naye. Ukungu wa macho ukaondoka. Alilala usiku mzima bila kuona choo. Akapunguza marinda yake mawili kwa sindano na uzi, akijisikia msichana, na siku hiyo aliimba jikoni mpaka Awuor akagonga ukuta amwombe anyamaze.

Sasa ngoja nikwambie jambo moja kuhusu miaka ile, kama hukuwepo au umesahau. Miaka ile mtu hakukonda kwa hiari. Mwili ulikuwa cheti. Mwanamke mnene alikuwa na mume anayeleta, na mwanamke aliyepungua alikuwa na maneno nyuma yake. Na ukisema ni sukari, watu waliitikia kwa upole, wakainamisha vichwa, kwa sababu kila familia iliyozika kijana aliyekufa kwa ukimwi mwaka ule ilisema ni kitu kingine: kifua, malaria ya kichwa, kurogwa. Sukari ilikuwa mojawapo ya majina hayo.

Agosti, akina mama wa kanisa walikutana kwa Truphena, kiongozi wao, mwanamke mwenye sofa za vitambaa vyeupe na roho ya kuuliza. Chai ya maziwa ikaja, mkate wa siagi ukaja, njugu zikaja. Nerima akaomba chai ya rangi na ndizi moja. Akina mama wakatazamana. Walipoinuka kuomba, Truphena akasema, "Bwana, mkumbuke dada yetu anayepita katika bonde hili. Mtie nguvu. Na yule aliyemletea, Bwana, umsamehe."

Nerima alifumbua macho katikati ya maombi. Wengine wote walikuwa wamefumba, isipokuwa wawili waliokuwa wakimtazama mikono.

Akatoka pale moja kwa moja kwa Awuor, aliyekuwa amekaa nje akikata sukuma wiki ya kuuza.

"Awuor, watu wanasema nini juu yangu?"

Awuor hakujua kuzunguka. "Wanasema umekanyaga waya, una ule ugonjwa."

"Mimi?"

"Wewe. Sasa unashangaa nini? Unapungua kila wiki, unakwenda kliniki kila mara, hutaki kula nyumbani kwa watu. Hujaona mandazi yako yanabaki kwenye beseni? Mimi nimewaambia ni sukari. Wameniambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

"Kadi ninayo! Imeandikwa!"

"Kadi! Nani anasoma kadi?" Awuor akaweka kisu chini. "Skiza, Mama Triza. Kula kidogo. Ongeza kilo tano tu, wanyamaze. Christmas ikipita utazitoa tena."

Nerima aliwaza hilo, usidhani hakuwaza. Biashara ilikuwa yake, na aibu ilikuwa yake. Usingizi ulimpotea. Lakini asubuhi akavaa raba.

"Mguu wangu ukikatwa," akamwambia Awuor akipita, "Truphena hatanibeba."

Aliyemtatiza zaidi alikuwa Laban. Laban Bwire alikuwa dereva wa lori la kiwanda kimoja cha rangi huko Industrial Area, mtu wa kwenda Nakuru na Eldoret, anayelala safarini siku mbili tatu kwa wiki. Mwanzoni alifanya mambo haya mzaha. "Mama Triza, utanifanya niitwe kwenye baraza la ukoo," alikuwa akisema. "Watasema mali yao naiharibu." Lakini kuanzia Agosti mzaha ulikwisha. Akaomba kiwanda kimpe safari za mjini tu. Akawa anarudi mapema, anabeba mitungi ya maji mwenyewe, mwanamume wa Busia mbele ya ploti nzima. Akawa anamuuliza Nerima kama amelala vizuri. Kitandani aligeukia ukuta.

Na vyakula! Kila siku amebeba karatasi: leo matumbo, kesho nyama ya mbavu yenye mafuta ya vidole viwili, keshokutwa kopo la samli. Alileta kreti nzima ya soda akaiweka chini ya meza. Nerima aliona wazi kabisa: mwanamume ameona haya kuwa na mke mwembamba, anataka kumrudisha alikotoka. Akamgombeza.

"Unataka nini, Baba Triza? Unataka nikatwe mguu ndio watu wakusifu unanilisha?"

"Nataka upate nguvu tu," Laban akasema, na akatoka nje.

Hivyo ndivyo walivyofika Novemba, Nerima akiwa na kilo themanini na moja na zimebaki siku chache apimwe kwa mara ya mwisho. Jumamosi Laban akaja na jogoo hai, mwekundu, mzito. Nerima hakukataa kuku. Kuku alikuwa kwenye ile robo ya sahani, bora utoe ngozi. Akamchinjisha, akamchemsha na nyanya na dania, akasonga ugali, na saa kumi na mbili u nusu wakakaa mezani wawili.

Kwa watu wao, firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Hilo halifundishwi, mtoto hulikuta. Imondo, kama wanavyoiita, mwanamke huipika, huiosha, huiweka juu ya sahani ya mumewe ionekane, na yeye haili. Wake wamerudishwa kwao kwa kuimeza. Nerima alikuwa ameiweka kwenye sahani ya Laban kwa miaka kumi na tisa bila kufikiri, na jioni ile aliiweka.

Laban akanawa mikono. Akaitazama. Akaichukua kwa vidole, akanyoosha mkono juu ya meza, akaiweka kwenye sahani ya Nerima.

"Hii ni nini?"

"Kula. Wewe kula tu."

"Baba Triza. Umenipa firigisi."

"Najua."

"Nani amekufa?"

Laban alijaribu kumega tonge, likamtoka mkononi. Akaanza kulia. Nerima alikuwa amemwona akilia mara moja tu, siku walipomzika baba yake.

"Nisamehe, Mama Triza. Ni mimi niliyekuletea."

"Umeniletea nini?"

"Huu ugonjwa."

Nerima alicheka. Alicheka kwa sauti, mpaka mkono ukapiga meza na mchuzi ukamwagika.

"Kumbe hata wewe! Tunalala nyumba moja, unaniona nikipima mafuta kwa kijiko, unaniona nikitoka jasho kutoka Baba Dogo, na bado umemwamini Truphena? Nimekonda kwa kuacha mandazi, Laban! Mandazi!"

Laban hakucheka. Akabaki ameinamisha uso, na polepole kicheko cha Nerima kikamfia kifuani, kwa kuwa lile neno sasa lilikuwa limemfikia.

"Ngoja," akasema. "Kuniletea, uliitoa wapi?"

Akamwambia. Nakuru, pale malori yanapolala, palikuwa na mwanamke mwenye kibanda cha chakula. Miaka miwili. Alimwambia bila kumtaja jina, macho kwenye ugali, na mwisho akasema kwamba mwanamke yule naye alianza kupungua.

"Mimi nimekonda kwa kuacha mandazi," Nerima akasema. "Yeye alikonda kwa kuacha nini?"

"Alizikwa mwezi wa nne."

Nerima alihesabu. Hakuwa msomi, lakini miezi aliijua. "Mwezi wa nne. Na mimi umeanza kunigeuzia mgongo Agosti."

"Nilikuona bado mnene," Laban akasema. "Nikajua hujapata. Nikasema Mungu ametuepusha. Halafu ukaanza kuisha mbele ya macho yangu."

"Ukanyamaza."

"Ningekwambia nini?"

Nerima alimchukia hapo, waziwazi, kwa mwili wote. Hasira na hofu zilimjia pamoja, na hakujua ipi ilitangulia. Kumbe zile nyama hazikuwa haya ya mwanamume. Mtu alikuwa anamlisha chakula cha kuagana. Miezi minane alikuwa amejinyima tonge kwa tonge ili asife kifo cha mama yake, akiona fahari, akijiona ameshika maisha yake kwa mkono, na mtu aliyelala karibu naye alijua kuna mlango mwingine ulioachwa wazi, na hakusema kitu.

Akaichukua firigisi, akairudisha kwenye sahani ya Laban.

"Kula. Ni yako," akasema. "Na kitanda leo si chako."

Jumatatu alfajiri, akiwa peke yake mbele ya karai, andazi la kwanza lilipasuka. Mkono ulilipeleka mdomoni wenyewe. La pili halikuwa limepasuka hata, alilivunja mwenyewe. Alikula matano yakiwa ya moto, yanamchoma ulimi, hayana ladha yoyote, na machozi yanadondoka kwenye unga. Alisema moyoni, kama nitakufa basi nife nimeshiba. Alipofika la sita akalitazama. Akakumbuka akimfungua mama yake bendeji, na ile harufu. Akajiambia kwamba hajui atakufa na nini, lakini kuna kimoja anachokijua, na hicho hatakikaribisha. Akalirusha nje. Halafu akanywa maji, akanawa uso, akaendelea kuuza kwa wateja wachache waliobaki.

Usiku huo akamwambia Laban, aliyekuwa kwenye sofa na blanketi lake, "Kesho huendi kazini. Unakwenda na mimi."

Laban akaitikia kwa kichwa.

Jumanne kliniki ilijaa. Akina mama walibanana kwenye benchi ya korido na kadi zao mapajani. Mizani ilikuwa pale mlangoni mwa chumba cha Lenah, kila mtu anaona. Nerima akavua raba, akapanda. Alifumba macho, akiyafikiria yale mandazi matano.

"Sabini na tisa na nusu!" Lenah akapaza sauti. "Mama, hebu angalia! Njooni mwone huyu! Alikuja hapa Machi na tisini na nane, nimempa chakula cha kuchora kwenye kadi, hakuna dawa ya miujiza, hakuna mganga!" Akamtoboa kidole hapo hapo, akasoma, akapiga kofi. "Na sukari imetulia. Sindano hakuna. Umesikia? Hakuna!"

Benchi nzima ikapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Nerima alisimama juu ya mizani bila viatu, akasikia furaha ikimpanda kweli kweli, akataka kuikumbatia yote, kisha akamwona Laban amesimama ukutani.

Akashuka. Akaingia ndani ya chumba, akamwita Laban kwa kichwa, akafunga mlango.

"Sista, kuna kipimo kingine nataka. Mimi na mzee wangu. Cha ule ugonjwa."

Lenah akakunja uso. "Mama! Kilo hizi umezitoa kwa jasho lako, na ukweli unaujua. Usiwasikilize watu."

"Siwasikilizi wao," Nerima akasema. "Namsikiliza huyu."

Lenah akamtazama Laban. Laban akatazama sakafu. Kisha Lenah akavuta droo, akatoa chupa mbili ndogo za kuwekea damu, akaandika tarehe, akaeleza kwamba damu hupelekwa mjini na majibu huchukua wiki mbili, na kwamba katika wiki hizo mbili Nerima aendelee kula vilevile anavyokula.

"Nani anaanza?"

"Mimi," Nerima akasema. Akakaa, akapandisha mkono wa blauzi, ukapanda bila kushika popote kwa jinsi ulivyomlegea. Nje kwenye benchi walikuwa bado wanaulizana yule mama alikula nini mpaka akapungua vile.